Mbio za milimani za siku nyingi: maswali ninayoulizwa na wanaojiandaa

Usajili wa mbio hizi ukifunguliwa tu, maswali huanza kuja, na mwaka hadi mwaka yanafanana. Nimeyaweka pamoja hapa. Utagundua kwamba majibu yangu mengi hayahusu kukimbia. Nimeshiriki mbio za aina hii mara tano na kumaliza tatu, na zile mbili nilizoachia njiani hazikunishinda kwa mapafu wala kwa mapaja. Zilinishinda kwa namna nilivyokula, nilivyolala na nilivyoitunza miguu yangu.

Mbio za siku nyingi ni zipi hasa?

Kuna aina mbili, na ni lazima ujue unajiandaa na ipi.

Ya kwanza ni mbio za hatua. Kila siku ina umbali wake, ukifika mwisho saa inasimamishwa, mnalala kambini, kesho mnaanza tena. Inayojulikana zaidi ni Marathon des Sables ya kusini mwa Morocco, iliyoanza mwaka 1986. Ni takriban kilomita 250 za jangwa, na mojawapo ya hatua zake huwa ya kilomita 80 hivi. Mkimbiaji hubeba mgongoni chakula chake cha wiki nzima, nguo na mfuko wa kulalia. Waandaaji humpa maji na mahali pa kulala.

Ya pili ni mbio za mfululizo. Saa ikishaanza haisimami mpaka uvuke mstari. Tor des Géants ya Bonde la Aosta, Italia, ina kilomita 330 na takriban mita 24,000 za kupanda, na kikomo chake ni saa 150. Spine Race ya Uingereza hufuata njia ya Pennine Way kwa kilomita 430 hivi katikati ya majira ya baridi, kikomo saa 168. Humo kulala ni uamuzi wako, na kila dakika unayolala inahesabiwa.

Katika mbio za hatua adui wako mkubwa ni uchovu unaolimbikizana na mzigo. Katika mfululizo ni usingizi. Mazoezi ya kukimbia yanafanana, lakini mengine yote yanatofautiana.

Nimeshakimbia marathoni. Je, niko tayari?

Bado, ila uko njiani. Marathoni inakufundisha kuvumilia saa chache za mateso. Haikufundishi kuamka asubuhi mapaja yamekaza kama mbao, ukavaa viatu vyenye unyevu na kurudia yaleyale. Kwa mtu wa marathoni ningependekeza mwaka mzima: kwanza mbio ya kilomita 50 ya njia za porini au milimani, kisha ya 80 hadi 100, halafu wikiendi mbili tatu za kujipangia mwenyewe, siku tatu mfululizo ukiwa na begi. Ukitoka salama kwenye hizo siku tatu, jisajili.

Nikimbie kilomita ngapi kwa wiki?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na huwa nalijibu kwa kuliweka pembeni. Kilomita kumi za barabara tambarare na kilomita kumi zenye mita 900 za kupanda si kitu kimoja. Hesabu saa ulizokaa miguuni na mita ulizopanda na kushuka. Watu wengi wenye kazi na familia humaliza vizuri kwa saa 8 hadi 12 za mazoezi kwa wiki katika miezi ya mwisho, wakipanda taratibu na kuchukua wiki moja nyepesi baada ya kila wiki tatu nzito.

Kiini cha maandalizi ni mazoezi marefu ya siku zinazofuatana. Jumamosi kwa muda wa saa nne au tano, Jumapili kwa muda wa saa tatu nyingine juu ya miguu iliyochoka. Siku ya pili ndiyo yenye faida, kwa hiyo usiende kasi Jumamosi mpaka Jumapili ikakushinda. Kila baada ya wiki tatu au nne, ongeza Ijumaa jioni.

Nisisitize kushuka mlima, maana wengi hukumbuka kupanda peke yake. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku ikirefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoichana zaidi. Maumivu yanayofika kilele siku ya pili au ya tatu baadaye hutokana na hapo. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka, kwani ukiipa mteremko mkali mara moja, mara ya pili haiumii kiasi kile, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Basi weka zoezi kubwa la mwisho la kushuka wiki tatu hivi kabla ya mbio, kisha pumzisha miguu. Asiye na mlima karibu atumie ngazi za jengo refu, na aongeze mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na uzito, kupiga hatua ndefu ukishusha goti, kushuka kwenye benchi kwa mguu mmoja polepole.

Ni aibu kutembea?

Hapana. Hata washindi hutembea miinuko mikali. Kutembea kwa kasi ni ufundi wa peke yake, na asiyeufanyia mazoezi huja kushangaa anavyopitwa na mtu asiyekimbia kabisa. Fanya angalau zoezi moja kila wiki la kutembea mlimani kwa nguvu ukiwa na fimbo mbili, kama mbio zako zinaruhusu fimbo. Mikono nayo lazima izoee, la sivyo siku ya pili mabega yatakuuma kuliko miguu.

Nifanyeje ili nisipate malengelenge?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wenye afya ya simba wakirudishwa nyumbani na kipande cha ngozi kisichozidi sarafu.

Lengelenge hutokana na vitu vitatu vikikutana: unyevu, joto na ngozi kuvutwa huku na huku juu ya mfupa. Ukiondoa kimoja umepunguza hatari. Viatu viwe vikubwa kuliko vya kawaida kwa nusu saizi au saizi nzima, maana miguu huvimba siku baada ya siku, na vidole vinahitaji nafasi unaposhuka. Soksi za vidole huwasaidia wanaopata malengelenge katikati ya vidole. Kata kucha siku tatu nne kabla ya kuanza na uzilainishe kwa tupa mpaka ukipitisha kidole usihisi ukingo. Penye mchanga, vaa vifuniko vya viatu vilivyoshonewa kuzunguka kiatu chote. Vile vya kubandika kisigino tu havizuii mchanga laini.

Zaidi ya hayo yote kuna kanuni moja: pakianza kuchoma, simama. Pale pale. Katika mbio zangu za pili, siku ya tatu, kwenye kilomita ya 12 nilihisi chembe za mchanga chini ya kisigino cha kulia. Nilikuwa na kundi zuri lenye mwendo niliotaka, nikajiambia nitazitoa kwenye kituo kinachofuata. Kituo kilikuwa mbele kilomita nane. Nilipovua soksi jioni, ngozi ya kisigino ilitoka nayo, nzima, kama ganda la yai la kuchemsha. Dakika mbili nilizozikataa ndizo zilizonigharimu mbio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wenyewe sikuujenga, nilipanda gari la waliojitoa kesho yake saa tatu asubuhi.

Lengelenge dogo lisilouma liache, lifunike tu. Kubwa linalouma unapokanyaga linahitaji kutolewa maji. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha ngozi kwa spiriti. Tumia sindano mpya iliyofungwa, toboa pembeni chini, matundu mawili au matatu, mahali ambapo mguu wenyewe utayakamua unapotembea. Kandamiza polepole kwa chachi safi. Ngozi ya juu usiikate, ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Paka dawa ya kuua vijidudu, acha pakauke kabisa, kisha bandika plasta isiyo na mkunjo hata mmoja, kona zake ukiwa umezikata mviringo ili zisinyanyuke. Fanya hivi jioni ukifika, ili mguu upate usiku mzima wa kukauka. Ukiona wekundu unaosambaa, usaha, mistari myekundu inayopanda mguuni au homa, hapo si kazi yako tena, nenda kwa daktari wa mbio.

Jizoeze nyumbani kubandika plasta kwenye kisigino na katikati ya vidole. Kuifanya mara ya kwanza gizani, mikono ikitetemeka, ni kujitesa.

Begi liwe na uzito gani?

Kwa miaka mingi kanuni za Marathon des Sables zimetaka begi liwe kati ya kilo 6.5 na 15 bila maji. Wanaokimbia hasa hukaribia kiwango cha chini. Kila kilo unayoipunguza unaisikia magotini.

Njia yangu ni hii. Tandaza kila kitu sakafuni, pima kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni na uandike gramu. Utashangaa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mfuko wangu wa dawa na vifaa vidogo vidogo ulikuwa na gramu 940, na nusu yake ilikuwa vifungashio. Kata, hamisha, unganisha. Lakini usiguse vifaa vya lazima wala nguo za kuzuia baridi. Mtu anayepunguza uzito kwa kuacha koti anapunguza mahali pabaya.

Likishakuwa tayari, kimbia nalo. Anza na theluthi moja ya uzito miezi mitatu kabla, fikia uzito kamili kwa mazoezi mawili au matatu tu, halafu acha. Mzigo kamili kila wiki huumiza mgongo na miguu bila sababu. Angalia mahali mikanda inaposugua: mfupa wa bega, kiuno, chini ya kwapa. Paka mafuta ya mgando au bandika plasta kabla, si baada.

Nile nini, na kiasi gani?

Kwenye siku ndefu ya mlimani mwili unaweza kutumia kalori 5,000 au zaidi. Huwezi kubeba zote, na hata ungezibeba tumbo lisingezipokea. Utaishi kwa upungufu kwa siku kadhaa. Kazi yako ni kuhakikisha upungufu huo haugeuki shimo.

Pima chakula kwa kalori zilizomo katika kila gramu. Tuchukue mtu anayebeba kalori 2,700 kwa siku. Chakula chake kikiwa na wastani wa kalori 4.5 kwa gramu, atahitaji gramu 600 kwa siku, yaani kilo 4.2 kwa siku saba. Kikiwa na 3.5, ni karibu kilo 5.4. Kilo moja na zaidi imetokana na uchaguzi tu. Karanga na lozi zina kalori karibu 6 kwa gramu, mafuta ya kupikia 9. Tambi na wali uliokaushwa viko chini kidogo, ila vinaingia tumboni bila ugomvi.

Ukiwa njiani, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Waliozoeza tumbo hufika hata 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, aina mbili za sukari, kwa kuwa kila moja hupita mlango wake kwenye utumbo. Kwa mwendo wa siku nyingi sioni haja ya kulazimisha hivyo. Muhimu zaidi ni kula mapema na mara kwa mara, kabla njaa haijafika. Tumbo nalo hufanyiwa mazoezi: kwenye mazoezi marefu kula kile kile utakachobeba.

Kuna jambo huwapata wengi siku ya pili au ya tatu: vitu vitamu vinakataa kushuka. Mtu amebeba jeli tamu za kuongeza nguvu arobaini na hawezi kutazama hata moja. Gawa mzigo wako nusu kwa nusu, vitamu na vyenye chumvi, ongeza kitu kichachu. Na kula ndani ya saa moja baada ya kufika, hata kama hutaki, wanga pamoja na gramu 20 hadi 30 za protini. Nimewaona wengi wakijitupa kwenye mkeka "nipumzike kidogo kwanza", wakaamka saa nne baadaye wakiwa na baridi, kichefuchefu na hakuna nguvu ya kuwasha jiko. Chemsha kwanza. Lala baadaye.

Neno moja kuhusu usafi: kambini tumbo la mmoja huwa tumbo la wote. Gel ya kusafishia mikono haifui dafu mbele ya baadhi ya virusi vya kuhara. Nawa kwa sabuni na maji kila unapoweza, na usiingize mkono kwenye mfuko wa karanga wa mwenzako, mwambie akumiminie.

Ninywe maji kiasi gani?

Kunywa kwa kufuata kiu. Wengi hawaamini jibu hili, maana tumelelewa kuogopa upungufu wa maji. Upungufu upo na unaumiza, hasa kwenye joto. Lakini kunywa kupita kiasi kunaweza kuua haraka zaidi. Sodiamu ya damu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, hali hiyo huitwa haiponatremia, na ikishuka sana ubongo huvimba. Madaktari walianza kuieleza kwa wakimbiaji wa masafa marefu nchini Afrika Kusini miaka ya 1980, na jopo la kimataifa la wataalamu lililokutana mwaka 2015 lilishauri wazi: kiu ndiyo kipimo.

Dalili zake zinafanana na za kukosa maji, na hapo ndipo mtego ulipo: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Cha kutofautisha ni hiki: aliyekunywa kupita kiasi mara nyingi tumbo limejaa maji, pete imembana kidoleni, saa imeacha alama kwenye mkono uliovimba, na uzito wake haukupungua au umeongezeka. Huyo usimpe maji zaidi. Mpeleke kwa daktari mara moja.

Vidonge vya chumvi vinafaa kurudisha ladha na hamu ya kunywa, na kwa wanaotoka jasho la chumvi nyingi. Havimkingi anayekunywa lita baada ya lita bila kiu.

Naweza kutumia ibuprofeni maumivu yakizidi?

Nakusihi usitumie wakati wa mbio. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, wakati figo tayari zimebanwa na joto, upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyochanika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa kwa wakimbiaji 89 kwenye hatua ya maili 50 ya mbio za siku nyingi, ulikuta dalili za figo kudhurika kwa asilimia 52 ya waliopewa ibuprofeni na asilimia 34 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tazama namba ya pili pia: hata bila kidonge, theluthi nzima figo zao zililemewa.

Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni salama zaidi kwa figo. Lakini maumivu yanayohitaji kidonge kila saa sita yanakwambia jambo. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito au kola, acha kila kitu uende kwa daktari, maana huenda misuli inavunjika na kumwaga protini yake kwenye damu.

Nilale vipi?

Kwenye mbio za hatua, linda usiku kama unavyolinda maji. Viziba masikio, kitambaa cha macho, godoro jepesi la kupuliza. Gramu 300 za godoro ni mzigo ambao sijawahi kuujutia. Inua miguu juu ya begi nusu saa kabla ya kulala.

Kwenye mfululizo, kuna waliomaliza mbio za siku nne kwa saa tatu au nne tu za usingizi kwa jumla. Wengine hulala saa moja na nusu kila usiku na kuwapita. Ninachojua kwa hakika ni kwamba usiku wa pili utaona vitu ambavyo havipo. Mawe hugeuka mbwa, miti hugeuka watu waliokaa kimya. Mimi niliwahi kusimama na kumsalimia mzee aliyekuwa kisiki, na nikasubiri aitikie. Ukifika hapo, lala dakika 20 mahali salama, umevaa nguo zote, kengele mbili zimewekwa. Dakika hizo hurudisha akili kwa saa kadhaa.

Ongeza usingizi wiki nzima kabla ya mbio, saa moja zaidi kila usiku. Kafeini iwekee usiku wa manane mpaka alfajiri, na ukumbuke kwamba nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Na tafadhali, usiendeshe gari siku ya kumaliza.

Vipi kuhusu joto kali?

Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi ya saa moja hivi kwa siku katika joto. Kiasi cha maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hupoteza chumvi kidogo. Asiye na joto kwake avae nguo nyingi, au akae sauna dakika 20 hadi 30 baada ya kukimbia. Faida huisha ndani ya wiki chache, kwa hiyo fanya hivi mwishoni. Mwenzako akichanganyikiwa na mwili unawaka, mpozeni kwanza kwa maji baridi mengi, pale pale, ndipo msafirishwe.

Na baridi? Mbio zangu ni za majira ya joto.

Mlima haufuati kalenda. Mei 2021, katika mkoa wa Gansu nchini China, mbio za kilomita 100 zilikumbwa na upepo mkali, mvua na barafu. Wakimbiaji 21 kati ya 172 walikufa kwa baridi, na miongoni mwao walikuwemo wanariadha bora wa nchi hiyo. Wengi walikuwa na kaptura na fulana. Koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vitu vya lazima. Mchungaji wa kondoo aitwaye Zhu Keming aliwaokoa sita kwa kuwapa hifadhi pangoni na kuwasha moto. Siwezi kuandika habari hiyo bila kusimama kidogo.

Kwa hiyo orodha ya waandaaji ichukue kama kiwango cha chini. Koti lisilopitisha maji lenye kofia, tabaka moja la joto lililofungwa kwenye mfuko usioingia maji, glavu, blanketi la dharura, firimbi. Na vaa kabla hujaanza kutetemeka, kwa sababu vidole vikishakufa ganzi hata zipu haifunguki.

Mbio zikivuka mita 2,500 juu ya usawa wa bahari ongeza hatari ya mwinuko. Fika siku kadhaa mapema kama unaweza. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu ni onyo; kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi ukiwa umekaa ni amri ya kushuka, usiku uwe usiku.

Njia imewekwa alama. Kwa nini nijifunze ramani?

Mwaka 1994, Mauro Prosperi, polisi kutoka Italia, alipotezwa na dhoruba ya mchanga kwenye Marathon des Sables. Alipatikana siku tisa hivi baadaye, akiwa ameshavuka na kuingia Algeria. Alama hufunikwa, huangushwa, na mtu aliyechoka huzipita bila kuziona. Weka njia kwenye saa na kwenye simu, beba dira na ujue kuitumia. Ukiwa hujaona alama kwa dakika kumi, rudi ulipoiona ya mwisho. Usikate shauri kwamba "itakuwa mbele".

Je, mbio hizi zinamfaa mwanamke?

Naulizwa mara nyingi, wakati mwingine na waume. Januari 2019 Jasmin Paris alishinda Spine Race mbele ya wanaume wote kwa saa 83, dakika 12 na sekunde 23, akivunja rekodi iliyokuwepo, tena kwa tofauti ya zaidi ya saa 12, huku akisimama vituoni kukamua maziwa ya mtoto wake.

La kuangalia ni hili: hedhi ikikatika wakati wa mazoezi, mwili unasema hauli vya kutosha. Usiichukulie kama nafuu. Mifupa hudhoofika na mipasuko midogo hufuata. Wanaume nao hupatwa na upungufu huo, ila hawana alama iliyo wazi kama hiyo.

Nahitaji vipimo vya hospitali?

Mbio nyingi kubwa hudai cheti cha daktari, na Marathon des Sables hudai pia kipimo cha umeme wa moyo. Hata kama hazidai, pima shinikizo, damu na moyo, hasa ukiwa umevuka miaka 40 au una ndugu aliyefariki ghafla. Fanya mapema, ili jibu likiwa baya upate muda wa kulishughulikia.

Nitajuaje wakati wa kuacha?

Panga masharti nyumbani, ukiwa umeshiba na umelala. Yaandike. Yangu ni haya: nisipoweza kujieleza vizuri kwa mtu wa kituo, nikikojoa mkojo wa rangi ya chai, nikiwa na maumivu ya mfupa yanayoongezeka kila hatua, nikiwa siwezi kujipasha joto ndani ya nusu saa, naacha. Mengine yote nayapa kanuni moja: sijitoi usiku na sijitoi kabla ya kula. Kaa, kula kitu cha moto, lala dakika 20, kisha amua. Kituo cha usiku kina viti laini na watu wema, na wengi wamejitoa hapo wakajuta lilipochomoza jua.

Nimemaliza. Nianze lini tena kukimbia?

Wiki ya kwanza usikimbie. Miguu itavimba mpaka vifundo visionekane. Inua, tembea kidogo, na ukiona mguu mmoja umevimba zaidi ya mwenzake na shavu la mguu linauma, nenda hospitali, huenda ni damu iliyoganda. Utakuwa na njaa usiku, utatoka jasho usingizini, na siku chache baadaye unaweza kuingiwa na huzuni bila sababu. Huwatokea wengi na hupita. Mazoezi makali yasubiri wiki nne au zaidi, hata kama wiki ya pili unajisikia mzima.

Kucha zangu mbili zimekuwa nyeusi na zinacheza. Nizing'oe?

Usizing'oe. Zifunge kwa plasta nyepesi zisinase kwenye soksi, kata kile tu kilichonyanyuka, na uache mpya iisukume ya zamani. Ya kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kurudi yote.